Anayelima Shamba la Juu

Jua lilikuwa linazama tulipofika uwanja wa shule, kule juu Mgeta. Laurenti alibeba projekta. Mimi nilibeba shuka jeupe la kuonyeshea, na daftari langu. Nilikuwa hoi. Kupanda mlima kulichangia, lakini zaidi nilikuwa nimechoka kuwauliza watu swali lilelile, wiki ya tatu sasa.

"Umeionaje filamu?"

Ndiyo kazi niliyopewa. Laurenti alitengeneza filamu, mimi Hidaya naandika watazamaji wanasema nini. Aliipiga hukohuko Mgeta. Saa moja na nusu, hakuna anayeongea, hakuna muziki. Ukungu unapanda, unashuka. Mashamba yamekaa ngazi ngazi mlimani. Na rangi, sijui alizitoa wapi: udongo mwekundu kama nyama mbichi, kabichi za buluu. Hamna mtu hata mmoja ndani yake.

Kila tulipokwenda watu waligawanyika. Morogoro mjini mzee mmoja alinishika mkono, akasema hajawahi kuiona milima yake ikipendeza vile. Jirani yake alishaondoka zamani, akilalamika kwamba amepotezewa muda. Laurenti alifurahi.

"Waache wabishane," alisema. "Ikimpendeza kila mtu, basi sijafanya kitu."

Lakini Mzumbe, msichana mmoja anayeitwa Shadya alitoka katikati ya filamu. Nikamfuata nje. Alikuwa analia.

"Yule mama... mbona hamkumpumzisha?"

"Mama yupi?"

"Anayelima, shamba la juu. Analima tu, dada. Hata mgongo hanyooshi."

Nikadhani alisinzia, akaota. Ila Matombo wakasema hivyohivyo watu wanne, na hawakuwa wamekaa pamoja. Waliomwona hawakuvumilia kufika mwisho. Wasiomwona ndio walioisifu. Nikamweleza Laurenti, akacheka.

"Picha ile niliipiga alfajiri, nikiwa peke yangu. Shamba tupu."

Nami nilikuwa nimeitazama mara kumi na moja. Shamba tupu.

Sasa tulikuwa kijiji kilekile lilikopigwa picha. Shamba lile la juu ni la Mzee Abel, ndiye aliyempa Laurenti ruhusa. Alikaa mbele kabisa, kwenye kiti chake mwenyewe.

Giza lilipoingia tukawasha. Mwanzoni watu walicheka, wakaonyeshana mashamba yao. Kisha wakaanza kuchoka. Mmoja akapiga miayo, mwingine akamnyamazisha, wakajibizana. Nilikuwa naandika hayo lilipotokea shamba la juu.

Kicheko kikakatika.

Benchi likaanguka. Mama mmoja akamfunika mwanawe macho kwa kanga. Nusu ya uwanja walikuwa wamesimama. Waliobaki wakawa wanaulizana, "Kuna nini? Si shamba tu?"

Mkono mkavu ukanigusa bega. Bibi mmoja, mwembamba, macho yake hayabanduki kwenye shuka.

"Shikamoo, bibi."

Akanyooshea shuka kidole.

"Filomena," alisema.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza. Bibi huyo ni Yuliana. Filomena ni binti yake, aliteleza kwenye ngazi za mashamba akafa, miaka sita iliyopita.

"Tulimzika wenyewe," alisema mwanamke yule. Akasogea karibu na sikio langu. "Jeneza lilikuwa jepesi... Wengine walisema msukule. Kwamba hakufa, kafichwa, analimishwa mahali. Nani angethubutu kuuliza?"

Mzee Abel akainuka.

"Zima hicho kitu!"

"Mzee, waache watazame," Laurenti akamjibu.

Picha ikapita. Bibi Yuliana akanikazia mkono.

"Irudishe, mwanangu. Nakuomba."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimechoka, nataka kulala, sitaki maneno ya watu. Lakini ule mkono haukuniachia. Nikaenda kwenye projekta, nikairudisha picha.

Bibi akatembea hadi kwenye shuka. Akasimama karibu mno, rangi za shamba zikamwangukia usoni.

"Filomena! Ni mama yako anakuita. Weka jembe chini, mwanangu. Twende nyumbani."

Sehemu ile ya filamu haina sauti. Nathibitisha, haina.

Ko... ko... ko...

Jembe linagonga mawe. Tulisikia wote, wanaomwona na tusiomwona. Harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi ikajaa uwanja mzima.

Ko... ko...

Kimya.

Nikatazama shuka. Katikati ya shamba tupu palikuwa na jembe. Limekitwa ardhini, mpini umesimama, umelowa. Mara kumi na moja sikuwa nimeliona.

"Sikupiga jembe," Laurenti alinong'ona. "Hidaya, mimi sikupiga jembe."

Kiti cha Mzee Abel kilikuwa kitupu.

Asubuhi wanaume walipanda hadi kule shambani. Nusu lilikuwa limelimwa. Mstari wa mwisho uliishia katikati. Mzee Abel hakuonekana tena kijijini, na nyumba yake haijafunguliwa mpaka leo.

Tuliionyesha mara moja tu baada ya hapo, mjini. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyebisha. Wote waliona jembe, wote wakasema nzuri. Laurenti akaifungia.

Mwezi uliofuata nilipanda Mgeta peke yangu, sikuweza kukaa bila kujua. Bibi Yuliana alinipokea mlangoni. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

"Amerudi, bibi?"

"Amerudi."

Akanipisha nione. Sakafu ya udongo ilikuwa imegeuzwa matuta, ukuta hadi ukuta. Chumba cha ndani kilikuwa na pazia. Nyuma yake kitu kilikuwa kinakwangua ardhi, taratibu, bila kupumzika.

"Haongei. Hanitambui," alisema. "Nilimfichia jembe, akalima kwa kucha. Nikamrudishia. Padri alikuja akasali, shehe naye akaja akasoma. Bado."

"Basi tumpeleke hospitali, bibi."

"Walimpima. Wanasema mzima." Akajifunga kanga kiunoni. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali. "Mwenzio nimegundua kitu. Akilima peke yake halali kabisa. Nikimsaidia, tunamaliza mapema, anafumba macho kidogo."

Akachukua jembe la pili pembeni ya mlango.

"Nenda, mwanangu. Usije ukachelewa gari."

Akafunua pazia, akaingia. Nilisimama pale mlangoni nikisikiliza, hadi sauti mbili zikaenda pamoja na nisiweze tena kutambua ipi ni ya bibi.