Namba ya Zainabu Niliyoikata

"Faida! Toka inje! Ni we njo uliandika ziwa iko shwari?"

Mlango ulipigwa teke. Ilikuwa saa nane mchana hapa Baraka, na upepo ulikuwa unang'oa mabati ya jirani...

Nikafungua. Ni Marthe, mke wa Néhémie, miguu peku, simu mkononi. Kwenye kioo ni peji yangu!

"Bwana yangu iko ku ziwa! Na wako iko naye mu mutumbwi moya! Hiyo shwari uliona wapi?"

Sikuona kitu, jamani. Nilikopi!

Ngoja niwaambie, na mkitaka kunitukana, mnitukane tu.

Kule Ubwari kuna mama anaitwa Zainabu. Kila alfajiri anashuka ufukweni, anatazama maji, halafu anaandika Facebook hali ya ziwa. Chini anaweka jina lake, saa aliyotazama, na namba yake: "Mupige mbele ya kutoka," yaani kabla ya kuingia ziwani.

Mimi nilikuwa nachukua maneno yake, nakata mistari ya chini, nabandika kwenye peji yangu. Laiki mia nne! Watu wakaanza kuniita Mama Ziwa, na kichwa kikavimba.

Siku ile Zainabu aliandika saa kumi na moja alfajiri. Mimi nilichelewa kuamka, nikabandika saa nne. Bila jina, bila saa, bila namba. Nikaenda zangu kutwanga sombe, kisamvu chetu.

Sasa nikafungua peji yake. Aliandika tena saa tano:

"Ile ya asubuhi muache. Upepo imegeuka. Mutu asitoke!"

Kwake alirekebisha. Kwangu ziwa lilikuwa bado shwari...

Nikampigia Jafari, mume wangu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani!

Marthe akakaa chini mlangoni pangu. Afadhali angenipiga.

Jioni simu ikaita. Namba ile niliijua kwa kichwa. Nilikuwa naikata kila asubuhi, miezi saba.

"Ni Zainabu wa Ubwari. Jafari iko huku kwetu, bavuvi bamemutoa ku maji. Ongea naye."

"Jafari! Na Néhémie iko wapi?"

Nikasikia sauti ya mume wangu:

"Faida, hatujamuona. Mbele ya kutoka saa sita aliniuliza, 'Tupigie nani, tujue kama hii habari ni ya saa hii?' Mi nikamujibu, ya kupiga nini? Ni bibi yangu mwenyewe njo ameandika."

Marthe alikuwa ananitazama mdomo. Sikuweza kumwambia. Alisoma usoni mwangu, akapiga yowe ambalo hadi leo nalisikia.

Néhémie walimpata siku ya tatu, karibu na Lweba.

Nyie mnaokopi, nisikilizeni. Ukichukua maneno ya mtu, chukua na jina lake, na saa yake, na namba yake, ili msomaji ajue pa kuuliza. Siku hizi naandika vyote vitatu, na watu wanampigia Zainabu kabla ya kutoka.

Néhémie naye aliuliza. Mimi ndiye niliyekata jibu lake.