Mkono Uliogoma

Jumapili hiyo alasiri Kitengela ilifurika watu waliotoka kanisani. Ajwang alikuwa kwenye foleni ya nyama choma katika klabu moja karibu na soko la Noonkopir, gauni lake la kitenge cha manjano limemkaa sawasawa, viatu vya kisigino vimeanza kumchoma. Shangazi yake alikuwa nyumbani akingoja kilo mbili za mbavu. Hakuwa na haja na mtu mwingine yeyote.

Ukutani, hatua chache kutoka jikoni, wanaume walikuwa wakirusha vishale kwenye ubao wa namba, kila mmoja akishusha alama zake hadi sifuri. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye shati la samawati lililokunjwa hadi viwikoni, alirusha vitatu mfululizo, tap, tap, tap, bila hata kukunja uso. Musila, aliyekuwa akiandika alama kwa chaki, akapiga hesabu kwa sauti.

"Mia moja na sabini, toa themanini na tano. Imebaki tisini na tano!"

"Themanini na tano," Ajwang akasema palepale kwenye foleni.

Watu wakageuka. Musila akakuna kichwa kwa chaki. "Madam, wewe ni mwalimu?"

"Mimi nauza dawa. Nikikosea hesabu mtu anaumia."

Klabu nzima ikaangua kicheko. Yule kijana akamtazama Ajwang tangu kichwani hadi viatuni, kisha akarudi usoni na kubaki hapo. "Na kurusha unajua, ama ni hesabu tu?"

"Nipee uone."

Akavua viatu, akasimama peku kwenye saruji baridi, akarusha. Ishirini. Ishirini. Cha tatu kikaingia kwenye ule ukanda mwembamba wa kati, unaozidisha mara tatu. Sitini.

"Mia," akatangaza mwenyewe, kabla Musila hajaanza kuhesabu vidole.

Mchezo huo alifundishwa na baba yake, Mzee Obonyo, kule Ahero, tangu akiwa darasa la nne. Lakini hakumweleza kijana huyo chochote. Alivaa viatu vyake taratibu.

"Naitwa Muturi," kijana akasema, akimfuata hadi kwenye foleni. "Niko na kuku Isinya. Elfu moja na mia mbili."

"Mimi naitwa Ajwang. Niko na njaa."

Ndivyo walivyoanza. Kila Jumanne na Ijumaa Muturi alipoleta mayai Kitengela, alipitia duka la dawa, akasimama kaunta kama mgonjwa. Simu nazo hazikukatika.

"Malkia wa vidonge, umekula?"

"Nimekula mayai. Nimechoka na mayai yako, Muturi."

"Basi nitaleta kuku."

"Jilete wewe."

Mwaka mzima walifanya mazoezi pamoja jioni klabuni, na ilipotangazwa kwamba mchujo wa mashindano ya vishale ya wachezaji wa kulipwa ungefanyika mjini Kajiado, wakajiandikisha wote wawili. Kila mmoja angecheza peke yake, na pia wangecheza kama jozi, mwanamume na mwanamke. Bingwa wa kila kundi angekwenda Johannesburg. Muturi alikuwa akitajwa kila mahali kuwa hashikiki. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, akampeleka Ajwang Kimuka kumwona mama yake.

Mama Muturi alikuwa mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe na macho ya haraka. Alimpa mgeni kiti kizuri, akauliza, "Na wewe ni wa wapi, mami?"

"Ahero, mama. Karibu na Kisumu."

"Aaah," mama akasema. Akainuka, akaingia jikoni, akarudi karibu nusu saa baadaye na sahani za githeri, mahindi na maharagwe.

Hiyo "aaah" ilimkaa Ajwang kooni kama mwiba wa samaki. Waliporudi Kitengela, Muturi alimuaga, akaenda zake Isinya. Siku iliyofuata hakupiga simu. Jumanne mayai yaliletwa na mtu wa bodaboda. Ijumaa hivyohivyo. Jumatatu ya wiki ya mchujo, ujumbe ukaingia: "Tafuta mtu mwingine wa kucheza na wewe. Pole sana."

Ajwang alipiga simu mara tano. Haikushikwa.

"Aki wewe nawe!" Cindy, mwenzake wa dukani, akamwambia. "Si ulisikia hiyo aaah? Hiyo ndio ilikuwa jibu. Mama amekataa mtu wa kwenu, na kijana hana ubavu wa kukwambia."

"Muturi si mtu wa hivyo."

"Mbona basi hashiki simu?"

Ajwang akageukia rafu za dawa. Siku tatu alipima dawa akiwa amevimba macho, akiwadanganya wateja kwamba ni vumbi. Usiku ubao wake wa vishale ulibaki ukutani nyumbani bila kuguswa.

Alhamisi saa nne asubuhi, simu ikalia. Nambari ngeni.

"Ni mami Ajwang? Ni mimi, mama ya Muturi."

Ajwang akakalia kisanduku cha dawa. Akajiandaa kusikia alichoogopa. "Ndio, mama."

"Mliniambia mtarudi, na hamjarudi. Nimekukosea wapi?"

"Mama?"

"Najua ni ile githeri. Mtu ametoka upande wa ziwa, na mimi nimepika githeri tupu! Niliona aibu, nikaingia jikoni kutafuta hata yai, hakuna. Mtu ako na kuku elfu moja na mama yake hana yai! Nikatuma kwa jirani, naye hakuwa nyumbani."

Ajwang aliinuka, akashika kaunta. Kicheko na kilio vilimjia kwa pamoja.

"Mama, githeri ilikuwa tamu. Nilidhani... nilidhani hunitaki."

"Nani amesema? Sikiza, mami. Niko hapa Isinya tangu jana. Hii kijana yangu hali chakula. Anasimama mbele ya hiyo ubao yake huko kwa kuku, anainua mkono, halafu anakauka kama ameona nyoka. Nimemuombea, nimemtukana, imekataa. Kuja umuone."

Ajwang hakumaliza hata kufunga vifungo vya koti lake jeupe la kazini. Kufikia adhuhuri alikuwa Isinya, akipita kati ya vibanda vya kuku, harufu ya chakula cha kuku na mbolea ikimpiga puani. Alimkuta Muturi nyuma ya kibanda cha mwisho, fulana imemlowa jasho, ndevu siku kumi hazijaguswa. Kishale kilikuwa mkononi. Aliinua mkono, akalenga, akausogeza mbele, na mkono ukasimama. Akarudia. Ukasimama. Vidole vilikishika kile kishale kama vimegandishwa kwa gundi.

"Muturi."

Akashtuka, akageuka. Uso ukamshuka.

"Imeanza lini?" Ajwang akauliza.

"Siku ile tumetoka Kimuka. Nilikuja nikafanya mazoezi, mkono ukakataa kuachilia. Nikasema ni uchovu. Kesho yake, hivyo hivyo." Akakitupa kishale chini, na hapo kikatoka bila shida. "Nikishika yai, sawa. Kikombe, sawa. Nikisimama mbele ya ubao tu, vidole haviniskizi. Daktari amesema mkono hauna kitu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Umefanya kazi mwaka mzima, halafu nikuharibie? Nilitaka upate mtu mzuri wa kucheza naye." Akainamisha kichwa. "Na wewe ulinipendea vishale, Ajwang. Bila vishale mimi ni mtu wa mayai tu."

Ajwang alimwendea, akamchapa begani kwa ngumi, kisha akamchapa tena.

"Nimelia siku tatu! Siku tatu, Muturi! Nikidhani mama yako amenikataa juu ya mahali natoka. Kumbe ni vidole?"

"Mama akukatae? Mama ananiuliza kila asubuhi tilapia hupikwa namna gani!"

Wakatazamana. Ajwang akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, na Muturi naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Akamkumbatia hapo hapo, jasho, manyoya na yote.

"Jumamosi tunacheza," Ajwang akasema kifuani pake.

"Na mkono gani?"

"Uko na mwingine."

Jumamosi, ukumbi wa Kajiado ulijaa hadi madirishani. Ajwang alivaa suruali nyeusi na blauzi nyekundu, nywele amezisuka mistari. Muturi alinyoa, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama, akacheza kwa mkono wa kushoto. Kishale chake cha kwanza kiligonga ukuta. Cha pili kikashika fremu ya ubao. Jozi yao ilitolewa katika raundi ya kwanza, na yeye peke yake akatolewa upesi zaidi. Alitoka akitabasamu kama mshindi, akakaa safu ya mbele karibu na mama yake.

Ajwang alipanda ngazi mchezo baada ya mchezo hadi fainali, dhidi ya Caro wa Rombo, mwanamke mtulivu asiyepepesa macho. Wakafika mkondo wa mwisho wakiwa sawa. Caro alibakiza arobaini tu. Ajwang alikuwa na sabini na mbili na vishale vitatu.

Cha kwanza: kumi na sita mara tatu. Zikabaki ishirini na nne. Ili afike sifuri na kushinda, sharti apige kumi na mbili kwenye ukanda mwembamba wa nje, unaozidisha mara mbili. Cha pili kikapita nje ya waya kwa unywele. Ukumbi ukaguna. Ajwang akapumua, akaachilia cha tatu.

Kikaingia.

Hakusikia tena kitu. Aliona tu kilemba cheupe kikirukaruka na Muturi akivuka viti.

Nje, juani, alimpigia baba yake kumwambia kwamba anakwenda Johannesburg. Mzee Obonyo alipiga ukelele hadi Ajwang akaondoa simu sikioni. Muturi akamgusa mkono.

"Nipee niongee naye."

"Na nani? Baba? Uko sawa kweli?"

"Nipee, mpenzi."

Akaichukua simu kwa mikono miwili, akasimama wima.

"Mzee, habari ya huko. Naitwa Muturi. Nampenda Ajwang, nataka kumwoa. Naomba ruhusa nije nyumbani na mama yangu."

Ajwang akajiziba mdomo.

"Ndiye wewe wa kuku?" Mzee akauliza. "Yule hodari wa vishale?"

"Nilikuwa, mzee. Sasa mkono umegoma. Sijui kama utarudi. Nimeona nikwambie mapema."

Muturi akasikia kiti kikisogezwa upande wa pili.

"Wangu uligoma kabla huyo msichana azaliwe," Mzee akasema polepole. "Nikaacha kucheza, nikaambia watu ni kazi nyingi. Sijawahi kuambia mtu. Nikafundisha mtoto." Akakohoa. "Kuja, kijana. Kuja na mama. Tutakaa tuongee, mimi na wewe."

Muturi alirudisha simu, akaketi kwenye ngazi ya ukumbi na kujifuta macho kwa mkono wa shati.

"Amesema nini?" Ajwang akauliza. "Muturi, amekataa?"

"Amesema nije," Muturi akajibu.

Ajwang akakaa kando yake, akamwegemea begani. "Basi twende," akasema.