Suruali Zilizopanuliwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alimpelekea baba yake chai huku akiongea. Shangazi yake ndiye aliyempa jina hilo la utani, kwa maana mdomo wake haukujua kutulia. Baba yake alikuwa fundi rangi wa majumba. Mama yake, fundi cherehani, alishonea sebuleni, na nyuzi zilitapakaa mpaka chini ya meza ya chakula.

Miezi kadhaa ilikuwa imepita tangu baba aache sigara. Kile kikohozi kilichokuwa kikiamsha nyumba nzima kilikoma. Lakini sigara ilipohama, njaa ikahamia. Baba alitafuna karanga akiwa juu ya ngazi, akakwangua ukoko wa sufuria, na kabla ya kulala akaulizia mkate. Kitambi kikaanza kuchungulia kwenye shati.

Mama hakusema neno. Baba akiwa kazini, yeye alifumua mishono ya kiunoni ya suruali zake na kuongeza kitambaa. Baba alizivaa, akapumua vizuri, akaenda zake.

Jumapili moja mafundi wenzake wawili walikuja kumtembelea. Kasuku aliwaletea maji, akasema, "Msikae karibu sana na baba. Kifungo cha shati kikifyatuka, mtu atapoteza jicho."

Wageni walicheka mpaka machozi yakawatoka. Baba naye alicheka, ila mkono wake haukurudi tena kwenye sahani ya karanga. Kasuku hakuliona hilo. Alijiona bingwa.

Kesho yake, akitoka shule, alimkuta baba nyuma ya duka la kona, amesimama peke yake. Alikuwa na sigara kati ya vidole, hajaiwasha.

"Baba?"

Baba alishtuka, kisha akainamisha kichwa. "Nilipokuwa navuta nilikuwa mwembamba, mwanangu. Hakuna aliyenicheka."

Kasuku alimsogelea. Macho yakamjaa machozi. "Nisamehe, baba. Nilitaka wacheke tu. Sikujua kama inakuuma."

"Hata mimi sikujua, mpaka miguu iliponileta hapa." Baba aliikunjakunja ile sigara, akaitupa kwenye pipa la taka. "Twende nyumbani."

Walipofika, Kasuku alimweleza mama yote bila kuficha. Baba alikaa kitini kama mtu anayesubiri kugombezwa. Mama alisimamisha cherehani.

"Kunenepa umenenepa, baba watoto. Nani ajuaye kuliko mimi ninayefumua suruali zako?"

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Kiuno naweza kukupanulia. Mapafu siwezi kuyatia kiraka."

Baba akaangua kicheko, safari hii cha kweli.

Tangu siku hiyo, jioni jua likipungua, wote watatu walitoka kutembea. Kasuku alimkatia baba karoti na matango kwenye kibakuli cha kupeleka kazini, naye akalalamika kwamba wanamgeuza sungura, lakini kibakuli kilirudi kitupu. Kitambi hakikuisha, ila kiliacha kukua. Sigara hakuigusa tena.

Jioni moja baba alitangulia mbele kwenye mlima. Mama alimshika Kasuku mkono.

"Unamwona? Zamani angekuwa ameshakaa kando ya njia anakohoa. Mtu anayeacha kitu kibaya ana kazi ngumu kila siku, hata kama sisi hatuioni. Akichoka, anahitaji watu wake wamtie moyo. Utani wako naupenda, mwanangu, lakini kabla hujawachekesha wageni, mtazame usoni yule unayemtania. Kama hafurahi, nyamaza."

"Nimeelewa, mama."

"Haya, mbona mmelala?" baba aliita kutoka juu, mikono kiunoni.

Kasuku alikimbia kumfikia.