Treni ya Saa Tano Kasorobo

Desmond Sugden alipostaafu kazi ya kuchora ramani katika halmashauri ya Cragthorpe, mkewe Hilary alidhani sasa amepata mtu wa kumsaidia bustanini. Alijidanganya. Haikupita wiki, Desmond akapandisha kompyuta yake kwenye chumba cha juu, kile alichokuwa akilala binti yao kabla hajaolewa, na tangu siku hiyo kumpata ikawa lazima umwite mara tatu kutoka chini ya ngazi.

Kule juu alikuwa anajenga reli. Reli ya kweli iling'olewa yeye akiwa bado anavaa kaptula: maili kumi na moja kutoka Cragthorpe hadi Skelbeck, ikifuata mto, ikipita nyuma ya viwanda vya sufu, kisha ikitoboa mlima wa Scarhead kwa handaki refu. Leo pale palipokuwa na mataruma pana lami, njia ya waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye mbwa. Ila ndani ya kompyuta ya Desmond mwaka ulikuwa 1949, na injini za mvuke zilikuwa zinapanda bonde zikihema.

Alijenga kila kitu kwa mkono. Ua wa kila stesheni, rangi ya kila mlango, mpaka kamba za kuanikia nguo nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Ukiuita mchezo, unamuudhi.

"Huu si mchezo, Hilary. Hii ni kumbukumbu."

"Haya, mzee wa kumbukumbu. Chai yako inapoa huku chini, na pai nampa Monty."

Monty alikuwa mbwa wao, mdogo, mweupe, mwenye kiherehere. Kila asubuhi Hilary alimpeleka matembezi kwenye ile njia ya reli, akavuka handaki hadi upande wa pili, Monty akanywa maji mtoni, wakarudi.

Picha nyingi Desmond alizipata kwa Bi Edna Lumb, mwanamke wa miaka tisini aliyekuwa akiishi katika nyumba ya kutunzia wazee kule juu karibu na kanisa. Baba yake, Arnold, alikuwa dereva wa treni kwenye reli ile ile. Siku moja Desmond alimpelekea kompyuta amwonyeshe kazi ilipofikia. Bi Edna aliweka miwani, akasogea, akapiga kofi gotini.

"He! Si choo chetu kile! Wewe kijana umejenga mpaka choo chetu!"

"Kijana wa miaka sitini na saba, Bi Lumb."

"Kwangu mimi bado unanyonya. Endelea, twende mbele."

Desmond aliiendesha treni taratibu. Wakapita kivuko cha barabara karibu na nyumba ya kina Bi Edna, wakapita daraja, mlima ukaanza kujaza kioo cha kompyuta. Bi Edna akaacha kucheka. Aliweka mkono wake mkavu juu ya mkono wa Desmond.

"Handaki umeshalijenga?"

"Bado. Wiki ijayo."

"Liache."

Desmond alidhani hakusikia vizuri. Bi Edna akatazama mlango kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo sana.

"Walikuwa mafundi wanne wa njia, wanakaza reli mle ndani. Asubuhi, ukungu umeshuka mpaka chini. Baba alikuwa na treni ya saa tano kasorobo. Dereva akifika mdomoni mwa handaki anatakiwa apige firimbi ndefu, wenzake wapate kujibanza kwenye vishubaka vya ukutani. Wote wanne walikufa. Wakubwa walipochunguza waliandika kwamba alipiga. Nyumbani alituambia hakupiga. Alisahau. Basi, mtu alisahau tu."

"Pole sana, Bi Lumb."

"Aliishi miaka saba baada ya pale. Kila ukungu ukishuka alikuwa anaziba masikio. Nami nilimuuliza, baba, unasikia nini? Akasema, nasikia nyundo." Akavua miwani. "Niahidi, Desmond. Liache."

Desmond aliahidi. Na siku aliyoahidi alikuwa anamaanisha.

Lakini reli bila handaki ilikuwa vipande viwili. Treni zilifika mlimani zikakwama kama ng'ombe mbele ya ukuta. Kila alipofungua kompyuta alikiona kile kipande cheupe kitupu katikati ya kazi yake nzuri, na kikawa kinamwasha. Akajiambia Bi Edna hawezi kujua. Akajiambia ni picha tu kwenye kioo. Wiki ya tatu akalijenga, tofali kwa tofali kutoka kwenye picha za zamani, na vishubaka vyake vya kujibanza mafundi, kimoja kila baada ya hatua ishirini.

Mara ya kwanza alipopitisha treni, kila kitu kilikwenda sawa. Mara ya pili alisikia nyundo.

Zilikuwa mbali. Chuma juu ya chuma, pigo, kimya, pigo. Desmond alisimamisha treni, akafungua orodha ya sauti alizoweka. Mvuke. Magurudumu. Ndege. Mvua. Nyundo hakuziweka. Akazima spika kabisa.

Pigo. Kimya. Pigo.

Alijicheka, akasema ni mafundi wanatengeneza barabara huko nje. Alipofungua dirisha, barabara ilikuwa tupu.

Jumatano ile akamtumia kazi rafiki yake Trevor, mpenzi mwenzake wa reli aliyeishi pwani, ili aijaribu kwenye kompyuta yake. Trevor akapiga simu Alhamisi asubuhi akiwa na furaha tele.

"Des, wewe ni fundi, bwana! Sina la kusema. Na wale jamaa wa handakini, ah, hao ndio umenimaliza kabisa."

"Jamaa gani?"

"Acha utani. Wale wenye taa. Umewafanyaje mpaka wanageuza vichwa? Ukipita wanakutazama."

Desmond alikaa kitandani.

"Trevor, mimi sijaweka watu. Reli nzima haina mtu hata mmoja. Watu bado sijajua kuwatengeneza."

Kisha Trevor akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na nguvu.

"Basi mimi nimehesabu wanne," akasema.

Desmond aliapa kwamba atalifuta handaki kesho yake. Na Ijumaa asubuhi ilipofika, ukungu ulikuwa umeshuka Cragthorpe. Ukuta wa jirani hauonekani, mti wa mbele hauonekani. Hilary alikuwa mlangoni anajifunga koti lake la mvua la njano.

"Leo si ungebaki," Desmond akamwambia. "Hali yenyewe hii."

"Mwambie Monty. Ameshakojolea zulia mara moja wiki hii kwa ajili ya mvua."

"Basi usipite handakini. Taa zake ni mbovu tangu Jumatatu."

"Nina tochi. Desmond, mbona uso umekuwa hivyo? Umelala kweli?" Akambusu shavuni, akatoka. Ukungu ukammeza kabla hajafika kwenye geti.

Nusu saa baadaye Desmond akapanda juu. Nia yake ilikuwa moja tu, kufuta. Akawasha kompyuta, na kabla hajagusa chochote, reli ikafunguka yenyewe.

Yeye kila siku aliiacha kwenye asubuhi ya Juni, jua kali na majani mabichi. Sasa kwenye kioo palikuwa na ukungu. Injini ilikuwa imesimama kwenye kivuko cha kina Bi Edna, mvuke umejaa, moto unawaka. Saa ya stesheni iliyo kando yake ilisoma saa nne na dakika thelathini na nane. Akatazama saa ya mkononi. Saa nne na dakika thelathini na nane.

Treni ikaondoka.

Hakuigusa. Mikono yake ilikuwa magotini. Aliuona mkono wa kufungulia mvuke ukishuka wenyewe, polepole, kama unavyoshushwa na mtu aliyeufanyia kazi maisha yake yote. Daraja likapita. Viwanda vikapita. Desmond akabonyeza breki. Haikushika. Akabonyeza tena, akabonyeza zote. Treni ikazidi kukaza mwendo.

Chumba kikaanza kunuka makaa ya mawe.

Ndipo mdomo wa handaki ukatokea katikati ya ukungu, mweusi, unakuja. Na ndani yake, mbali, aliona mwanga. Hazikuwa taa nne. Ulikuwa mwanga mmoja, mweupe, mdogo, unayumba huku na huku karibu na ardhi.

Mwanga wa tochi.

Nyuma ya tochi palikuwa na kitu cha njano. Na mbele yake, kikirukaruka, kitu kidogo cheupe.

"Hilary," akasema. Hakujua kama alisema au alipiga kelele. "Hilary!"

Alirukia waya wa umeme ukutani. Akaushika. Hapo hapo akasita. Akizima, ni nani atakayemwambia Hilary kwamba treni inakuja? Kompyuta itakufa. Treni je?

Akauachia waya. Akarudi kwenye kibodi. Firimbi. Kitufe cha firimbi. Akakikandamiza kwa vidole viwili na hakukiachia.

Ikalia.

Haikulia kwenye spika peke yake. Ililia nje. Ililia bondeni, ndefu, nzito, ikagonga mlima ikarudi, na mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Kile kitu cha njano kikasimama. Tochi ikageuka, ikamulika moja kwa moja kwenye kioo, ikamtia Desmond kiwi. Wakati ule ule akawaona. Wanne. Wamesimama kando ya ukuta, nyuso nyeusi, wanamtazama. Sio treni. Yeye.

Kisha handaki likaimeza injini, na kioo kikawa cheusi.

Desmond hakumbuki alivyoshuka ngazi. Anakumbuka gari, na miguu yake ikiwa na viatu vya ndani, ikikanyaga matope ya njia ile. Alimkuta Hilary nje ya handaki, amekaa chini kwenye majani yaliyolowa, Monty amembana kifuani ndani ya koti. Mbwa alikuwa anatetemeka bila kutoa sauti. Hilary naye hakulia. Uso wake ulikuwa na masizi, na machoni tu palikuwa peupe.

"Nilisikia firimbi," akanong'ona.

"Najua."

"Nikajibanza kwenye tundu la ukutani. Kuna matundu, Desmond. Miaka yote napita sijawahi kuyaona." Akameza mate. "Kikapita. Sikuona kitu, giza. Ila kilipita. Upepo wake ulikuwa wa moto."

Hakuuliza kilikuwa nini, wala Desmond hakumwambia. Mchana ule ule alifuta reli nzima. Sio handaki tu. Stesheni, viwanda, kamba za nguo, kazi ya miaka miwili, yote. Akampigia Trevor, akamwomba afute ya kwake. Trevor akasema ameshafuta tangu jana, na kompyuta ameiweka gereji, na asimuulize kwa nini.

Jumapili Desmond alikwenda kwa Bi Edna. Alikusudia kuomba radhi. Mwanamke yule alikuwa kitandani, amegeukia dirisha, na hakumpa nafasi hata ya kuvua kofia.

"Ulilijenga."

"Nililijenga, Bi Lumb. Nisamehe."

"Ijumaa niliisikia firimbi nikiwa hapa hapa. Wauguzi wanasema naota." Akanyoosha mkono, akamshika Desmond kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo hakuitarajia. "Ni wewe uliyepiga?"

"Ni mimi."

Bi Edna alifumba macho. Machozi yakaingia kwenye mikunjo ya uso. Kisha akamwachia mkono.

"Basi," akasema. "Nenda kwa mkeo."

Desmond alirudi akamkuta Hilary jikoni, amesimama mbele ya sinki, maji ya moto yanatoka na yeye ameyasahau. Alikuwa amelitandaza lile koti la njano mezani. Masizi yalikuwa yametoka yote. Kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikutoka.

"Nimesugua kwa sabuni," akasema Hilary. "Nimesugua kwa mafuta ya taa. Njoo uone."

Zilikuwa alama za mikono, za grisi nyeusi, moja kila bega. Vidole vilikuwa mbele, virefu, vimekandamiza kitambaa mpaka kimeingia mikunjo. Vidole gumba vilikuwa mgongoni.

Desmond alizitazama. Akainua mikono yake juu ya koti, bila kuligusa, akajaribu kuzilinganisha kutoka mbele. Haikuwezekana. Mtu wa kushika vile lazima awe amesimama nyuma.

"Hilary," akanong'ona, "lile tundu lina kina gani?"

Hilary alifunga bomba kwanza.

"Halina kina," akasema. "Mgongo wangu ulikuwa unagusa ukuta."

Koti halikuvaliwa tena. Liko kwenye banda lao la bustani, limetundikwa msumarini, kwa sababu Hilary hataki litupwe na hataki liingie ndani. Siku za jua ni koti tu lenye madoa. Ila ukungu ukishuka Cragthorpe, Monty haendi kule nyuma hata umvute. Na Desmond, aliyewahi kuligusa mara moja katika siku ya namna hiyo, anasema kitambaa chote kilikuwa cha baridi kama kawaida, isipokuwa pale penye vidole. Pale palikuwa na joto.