Kijiti Kipya cha Kasuku

Kataa kama unaweza. Sema Hafidhi wa Mwembesongo anapiga kamba. Shule niliacha darasa la sita, sawa, lakini masikio yangu hayakuacha.

Wiki mbili baada ya kumzika Bibi Mwaisha nilikuwa bado nyumbani kwake Mkuyuni, na kazi yangu moja tu: kasuku wake. Shangazi Mwanvita, aliyemuuguza Bibi, alishanielekeza. Toa vijiti anavyosimamia, kwangua kinyesi, sugua kwa maji ya moto na sabuni, suuza, anika. Kengele na kopo lake la kuchezea, vivyo hivyo.

Jioni ile, magharibi inaingia, uvivu ukanishika. Kijiti kimoja kilikuwa na kinyesi kigumu kama saruji. Nikakitupa. Nyuma ya nyumba, kwenye makaburi ya ukoo, kuna mti ambao kwetu haukatwi hata kwa kuni. Unapumzisha waliolala chini yake.

Nikakata tawi. Nani angenifanya nini?

Nikalichomeka kwenye tundu. Kasuku akaligusa kwa mdomo, akapanda.

Kengele ikalia.

Hakuwa ameigusa.

Ikaja harufu ya udongo mbichi... na marashi ya sanda. Kisha sauti. Si ya ndege. Ya Bibi, kavu, ile ya kitandani.

"Maji..."

Nilicheka, wallahi nilicheka. Kasuku anaiga, nikajisemea. Akageuza kichwa, jicho moja likanikazia.

"Maji... nakufa na kiu."

Halafu akataja jina.

Asubuhi nikawaita wazee wa ukoo, nikawaambia kasuku ametaja mtu. Kasuku akaomba maji mbele yao wote, kwa sauti ileile. Mama mkubwa Pili akakaa chini palepale. Wakaniuliza, jana alimtaja nani?

Nikasema Mwanvita.

Wakamwita mchawi. Wakamtolea vitu vyake nje. Yeye hakubishana na mtu, alinijia mimi tu, akaninong'oneza:

"Hafidhi, baba, nitazame usoni."

Sikumtazama. Nasikia yuko Dakawa sasa, anapalilia mpunga wa watu.

Kasuku nimekuja naye mimi, maana hakuna aliyemtaka. Lile tawi nililichoma. Vijiti vyake nasugua kila siku, kengele naichemsha. Bado anaomba maji.

Haya. Kuna sehemu nimeiruka.

Siku Bibi anafariki, Shangazi alikuwa gulioni. Aliyeachiwa mgonjwa ni mimi. Nilimsikia akiomba maji, nikaongeza sauti ya simu. Mechi ilikuwa dakika za mwisho.

Jina alilotaja kasuku lilikuwa langu. Mbele ya wazee alinyamaza kabla ya kulifikia. Akanitazama... ananisubiri niseme mwenyewe.

Tangu juzi nimemaliza ndoo mbili, na ulimi umekauka kama gome.

Hebu nisogezee tena hilo jagi.