Ngozi Ndani ya Klachi

Shida ilianza siku kigari cha Mwalimu Musyimi kiliponyamaza.

Kabla ya hapo, Tawa nzima ilikijua kwa masikio. Kilikuwa kigari kidogo cha Kiingereza cha mwaka wa sitini na mbili, milango miwili, rangi ya maziwa, na kikiwa kimeegeshwa ungedhani kimetolewa kwa boksi la zawadi. Lakini klachi ikikanyagwa! Ka-ka-ka-ka, kama mtu anatikisa mawe kwa sufuria. Mbuzi walihama barabara. Kuku walitaga kabla ya siku zao. Jumapili, Mbinya, mkewe Mwalimu, akikiegesha nje ya kanisa, pasta alikatiza maombi, akafumbua jicho moja na kusema, "Familia ya mzee wa kanisa imefika. Tuendelee."

Dereva alikuwa Mbinya. Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, lakini mbele ya usukani alikuwa mtoto wa chekechea, tena wa kiti cha nyuma. Kwa hivyo ni Mbinya aliyechoka na kelele, na ni Mbinya aliyempigia fundi Gedion simu aje kutoka mjini Wote.

Gedion alikuja Jumatatu, tumbo likitangulia, mfuko wa spana ukifuata. Aliteremsha gia boksi juu ya matairi mawili makuukuu, akatambaa chini mpaka ikabaki miguu tu.

"Mwalimu, klachi ni nzima," miguu ikasema. "Shida ni huu mkono unaoisukuma. Tundu limelika, mkono unacheza kwa pini. Unataka bushi, kile kipete cha kuziba nafasi."

"Basi nunua bushi."

"Aliyekuwa akiziuza alikufa kabla sijazaliwa. Nipe ngozi. Ngumu, kavu, ya zamani. Nitaikata, niichovye kwa oili, niivishe pini. Itanyamaza kama bibi arusi."

Mwalimu akavua mkanda wake kwa fahari. Gedion akaukunja, akaunusa, akamrudishia. "Hii ni plastiki, Mwalimu. Haijawahi kuonana na ng'ombe."

Ndipo Mwalimu akaingia stoo, nyuma ya magunia ya ndengu, akatoka na ngoma ya marehemu mamake.

Nzisa, mamake, alikuwa mpigaji wa kilumi, ile ngoma ya wanawake ya kuita aimu, ambao kwingine watu huwaita majini. Ngoma ikilia, jini lilimpanda mwanamke, likamchezesha, likasema haja yake, likapewa, kisha likapigiwa mapigo ya kuondoka. Nzisa alipookoka, alikataa kuichoma. Aliigeuza uso chini na kusema mtu asiiguse.

"Baba Nthiwa," Mbinya akasema mlangoni, "hiyo si ya mama?"

"Mama yuko mbinguni. Hii ni ngozi ya ng'ombe."

"Si utafute nyingine?"

"Mimi mzee wa kanisa, niogope ng'ombe aliyekufa?"

Na ili kila mtu aone haogopi, hakumpa Gedion kisu. Aliikata mwenyewe, palepale katikati panapopigwa, kipande cha vidole viwili.

Jioni Mbinya akakanyaga klachi. Kimya. Akaachia. Kimya. Akapiga vigelegele hadi majirani wakauliza nani ameposwa.

Jumanne alienda Wote na kurudi. Aliporudi alikuwa amefungua vioo vyote.

"Nani alinusa tumbaku humu ndani?"

"Hakuna."

"Na harufu ya mvua?"

Mwalimu akatazama juu. Ilikuwa Septemba, na tone la mwisho lilianguka Mei. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Akaingiza kichwa garini, na ikampiga puani: udongo uliolowa sasa hivi, na juu yake tumbaku ya kunusa. Akatoa kichwa haraka. "Ni oili," akasema.

Jumatano, wakibariki chakula cha mchana, akasikia sakafuni: tu. Tu-tu. Tu.

"Mama Nthiwa, tunaomba."

"Hata mimi naomba."

"Basi wacha kupiga mguu."

"Si mimi," Mbinya akasema kwa sauti ndogo. "Ni mguu."

Walicheka kidogo. Kisha wakainama wote wawili chini ya meza, wakaona nyama ya mguu wa kushoto, ule wa klachi, ikiruka peke yake chini ya ngozi, kama kuna panya anayetafuta mlango. Cheko likaisha. Hospitalini walimpima kila mahali, wakaukuta mguu ni mzima kuliko miguu yao wenyewe.

Alhamisi, saa sita mchana, jua likiwa limesimama juu ya mabati, Mwalimu alienda bandani kuchukua jembe. Kigari kilikuwa kimezimwa tangu jana na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, alikuwa anausikia pajani, na bado alipopita dirishani aliona pedali ya klachi ikishuka, pole pole, mpaka chini kabisa, kama inayokanyagwa na mtu mwenye adabu zake, ikakaa hapo, ikapanda, ikashuka tena, tu, tu-tu, tu, bila mlio wowote wa chuma, na kila iliposhuka, kutoka ndani ya nyumba, kupitia ukuta wa matofali, kisigino cha mkewe kiliitikia sakafuni, pigo kwa pigo, hadi Mwalimu hakujua tena ni nani anaita na ni nani anaitikia, na jembe likamtoka mkononi, na harufu ya mvua ikajaa banda lote huku vumbi likipaa miguuni pake.

Alikimbia ndani. Mbinya alikuwa amesimama kwa mguu wa kushoto pekee, wa kulia umekunjwa kama wa korongo, mabega yakitetemeka. Kinywa kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mtu aliyetembea mbali.

"Mmeniita tangu Jumatatu. Nimekuja. Mnataka nini?"

Mwalimu, aliyenyamazisha madarasa ya watoto tisini, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mbinya akaanguka kitini, akarudi kuwa mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Usiniache," akanong'ona. "Linapanda. Jana lilikuwa kwa kifundo. Saa hii liko juu ya goti, baridi kama chupa. Likifika kifuani, Baba Nthiwa, mimi nitakuwa nani?"

Katika Tawa yote alibaki mtu mmoja aliyewahi kupiga ngoma kando ya Nzisa: Kavindu, muuza nyanya sokoni. Yeye pia alikuwa ameokoka, tena kwa kelele. Alikuja amejifunika leso mbili usoni, anatembea ubavuubavu kando ya ua.

"Mke wa pasta akiniona hapa, nilileta nyanya," akasema. "Mmesikia? Nyanya." Kisha akaona ngoma yenye tundu, akaketi chini bila kutafuta kiti. "Asi! Nani alifanya hivi?"

"Mimi," akasema Mwalimu.

"Kipande kiko wapi?"

"Kwa klachi."

"Kwa nini?"

Wakamweleza. Kavindu alisikiliza, akauliza hiyo klachi hukanyagwa mara ngapi kutoka hapa hadi Wote. Mbinya akasema labda mara mia mbili, na matuta yale.

"Mara mia mbili kwenda, mara mia mbili kurudi." Kavindu akashika kichwa. "Mwana wa Nzisa, hata mgeni wa kawaida, umwite mara mia nne, afike, usimpe hata kiti! Limejitafutia kiti. Limekalia mguu uliokuwa ukiliita. Toeni hicho kipande nikishone, nilipigie liende."

Gedion aliitwa. Alipoambiwa sababu, alitaka kurudi Wote kwa miguu, lakini akamtazama Mbinya, akatambaa chini ya gari huku akiimba pambio bila kupumua. Saa nzima baadaye akatoka na kitu cheusi kiganjani, kidogo kama ukucha.

"Na ingine?" Kavindu akauliza.

"Imesagika, mama. Imeingia kwa oili, oili imemwagika."

Kavindu alikipima kwenye tundu, akakigeuza, akakipima tena. Hakikutosha hata robo. Aliiweka ngoma chini taratibu.

"Ngoma ya kuita yaweza kupigwa hata ikitoboka. Ya kufukuza inataka uso mzima. Na siwezi kuibandika ngozi ngeni, haitalijua."

"Basi haliondoki?" Mbinya akauliza. Mkono wake ulikuwa umeshika paja, na mkono ulikuwa ukipanda polepole, ukifuata baridi.

"Kuondoka, hapana. Kuhama, ndiyo. Lilikuwa la Nzisa. Litakubali damu ya Nzisa ikiliita kwa mdomo wake, kwa sauti. Kimoyomoyo halisikii."

Wote wakamtazama Mwalimu.

"Mimi nimehubiri miaka yote kwamba hakuna kitu," akasema. "Nikisema nalo, nimekubali lipo."

"Basi usiseme," Kavindu akajibu. "Tukae hapa, tungoje lifike kifuani."

Mbinya hakumwomba. Alimtazama tu, na mkono wake ulikuwa sasa umefika kiunoni. Pumzi zilikuwa fupifupi.

Mwalimu Musyimi akapiga magoti, mzee wa kanisa, mbele ya muuza nyanya na fundi, akauchukua mguu wa mkewe akauweka mapajani mwake. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na ulikuwa ukipiga.

"Mimi ni Musyimi, mwana wa Nzisa," akasema. "Ni mimi niliyekata. Ni mimi niliyeita. Yeye alikuwa anaendesha tu. Mwache. Kaa kwangu."

Mguu ukaacha kupiga. Kisha Mbinya akavuta pumzi ndefu, akajifinya paja, akajifinya tena, akalia, "Ni wangu. Jamani, huu ni wangu." Mwalimu hakuinuka. Alikuwa anatazama kiatu chake cha kushoto.

Jumapili walienda kanisani kwa miguu, wakaketi benchi la mbele kama kawaida. Nyimbo zilipita salama, mahubiri yakapita. Kisha pasta akaomba watu wainamishe vichwa, kila mtu aombe kimya.

Tu.

Mwalimu akalibana paja kwa mikono yote miwili. Tu-tu. Tu. Mbinya akageuka polepole. Nyuma, kwenye mabenchi ya akina mama wazee, bega la mmoja lilitikisika. Kisha la jirani yake. Kisha wakawa sita, wachezaji wa kilumi wa zamani, wameokoka zaidi ya miaka thelathini, macho wameyafumba, mabega yanacheza pamoja, nyuso zimetulia kama za waliolala.

"Amina," pasta akasema kwa furaha. "Roho anatembea."

Mbinya aliutazama mguu wake mwenyewe. Ulikuwa umetulia. Akauinua, akaukanyagia juu ya kiatu cha mumewe kwa nguvu zake zote, akabana hapo, akiwa amemshika mkono, mpaka amina ya mwisho. Na muda wote huo, chini ya soli yake, kitu kilikuwa kikisukuma kwenda juu, bila haraka yoyote.