Mchi Uliochelewa

Mama Dufie alikuwa na sifa moja mjini Mampong: aligeuza fufu bila kuangalia kinu. Mumewe, Sarpong, anashusha mchi, pu! Yeye anaingiza mkono, anageuza donge la muhogo na ndizi, anautoa. Pu! Wakati huo macho yake yako kwa wateja mlangoni, anauliza nani anataka mchuzi wa karanga na nani wa mbuzi. Miaka kumi na tisa, hata ukucha haujavunjika.

Jumanne moja mchi ulichelewa. Ukashuka wakati mkono bado umo ndani, ukamgonga kidole cha shahada.

"We Sarpong! Unataka nile kwa mkono gani?"

Sarpong alikuwa ameegemea mchi, jasho linamtiririka, kiganja kimeshika taya. Baada ya dakika chache akanyooka.

"Imepita," akasema. "Ni jino tu."

"Jino gani tena? Si uliling'oa mwezi uliopita?"

"Basi ni jirani yake."

Wateja walicheka. Dufie hakucheka. Tangu siku hiyo akawa anamchungulia mumewe. Akitwanga, taya linamuuma. Akipanda kilima cha kanisani, linamuuma. Akikaa, linapoa. Ajabu! Jino gani hilo linalojua kilima?

Akamburuta hadi zahanati. Wakamlaza Sarpong kitandani, wakambandika nyaya kifuani, wakapima umeme wa moyo. Akatoka kifua mbele.

"Umesikia? Moyo uko sawa!"

"Walikupima umelala," Dufie akasema. "Na wewe ukilala huumwi. Sasa wameona nini?"

Swali hilo lilimkera siku tatu. Ijumaa akampelekea Fosua, mteja wake wa siku nyingi. Kazi ya Fosua ilikuwa kupiga picha za moyo katika hospitali moja kubwa ya Kumasi. Fosua aliacha kula.

"Mama, umeuliza la maana. Moyo nao una mishipa inayoulisha damu. Mafuta yakiganda ndani ya mshipa, njia inakuwa nyembamba. Mtu akipumzika, damu inayopita inatosha. Akifanya kazi ngumu, haitoshi. Hapo moyo unalia njaa. Kilio chake husikika kifuani, mkononi, hata tayani."

"Kumbe lile jino la watu halikuwa na kosa!"

"Maskini, halikuwa nalo. Mlete kesho, nitamwambia daktari. Na asitwange. Maumivu yakimshika amekaa, au yakikataa kuisha, msingoje. Hospitali papo hapo."

Kesho yake daktari alimsikiliza Sarpong, akaagiza picha mbili: moja akiwa amepumzika, nyingine baada ya kazi. Fosua akampaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kifaa kidogo. Kwenye kioo cha mashine moyo ukaonekana, unajikunja na kujikunjua. Dufie akasogeza kiti.

"Huo ndio moyo wake? Mbona mdogo hivyo, na maringo yote yale?"

"Ndio huo, mama."

"Na vile vinavyofunguka na kujifunga?"

"Vilango vya damu. Naangalia kama kuna kinachovuja. Naangalia pia donge la damu, maana moyo ukidhoofika, damu inaweza kuganda ndani. Donge likichomoka likafika kichwani, mtu anapooza."

"Lipo?" Dufie akauliza.

"Halipo."

Kisha Sarpong akapandishwa kwenye mashine ya kutembea mahali pamoja. "Natembea, natembea, sifiki popote," akalalamika. Punde akashika taya. Wakamlaza haraka, Fosua akarudisha kifaa kifuani.

Dufie alikodolea kioo macho. Kiganja chake kilipiga paja, kama yuko kinuni. Pu. Pu. Mara kikasita.

"Fosua, ona ukuta huu wa moyo. Wenzake wanatwanga, wenyewe unachelewa."

Fosua akageuka akamtazama. "Nani kakufundisha?"

"Kidole changu."

"Basi kidole kimesema kweli. Sehemu hiyo ndiyo inayokosa damu."

Sarpong akainua kichwa. Maringo yote yalikuwa yamemtoka. "Dufie, nitakufa?"

"Ulikuwa unakufa tulipokuwa tunang'oa meno," mkewe akamwambia, na machozi yakamtoka. "Leo ugonjwa umeonekana."

Picha nyingine, ya mishipa yenyewe, ilionyesha mahali palipobanwa. Madaktari wakapazibua, wakaweka kijibomba cha waya ili pabaki wazi. Sarpong akapewa dawa za kila siku. Sigara akaacha, samaki wa chumvi akawaaga kwa huzuni. Dada yake ndiye aliyeshika mchi kwa miezi kadhaa.

Picha iliporudiwa, kuta zote zilikwenda pamoja. Daktari akamruhusu kurudi kazini kidogo kidogo.

Jumamosi, Sarpong akasimama mbele ya kinu.

"Taya likiuma?" Dufie akauliza.

"Nasimama. Nasema."

"Hutasingizia jino?"

"Sitasingizia."

Pu! Mwanzoni Dufie hakubandua macho kwenye mchi. Pu! Haukuchelewa. Pu! Mteja akatokea mlangoni, anakung'uta viatu. Dufie akainua uso.

"Karibu, baba! Karanga au mbuzi?"

Mkono wake ulikuwa ndani ya kinu.